Mota Ihukumiwe Mwisho: Kutafuta Ubovu wa Vioo na Loki za Umeme kwenye Gari la Zamani

Kioo cha mlango kikigoma kupanda, au loki ya mlango wa nyuma ikikataa kuitika rimoti, hukumu hutolewa upesi: mota imekufa. Mwenye gari hutumwa dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, akarudi na mota iliyong'olewa kwenye gari jingine la umri uleule. Ikishafungwa, pengine kioo kitapanda kwa wiki mbili kisha kigome tena. Pengine hakitapanda kabisa, na fundi atasema hata hiyo nayo ni mbovu. Makala haya yanatetea msimamo mmoja: katika gari lililozeeka, mota ndiyo ishukiwe mwisho. Ubovu mwingi hukaa kwenye njia inayoiletea umeme, au kwenye uzito wa kazi inayolazimishwa kuifanya, na yote mawili yanaweza kujulikana kwa maswali machache na vifaa vya bei ndogo kabla ya shilingi yoyote kwenda kwenye spea.

Hoja yote inasimama juu ya namna mtambo huu unavyofanya kazi. Mota ya kioo ni mota ya volti 12 yenye nyaya mbili tu zinazoizungusha. Umeme ukiingilia waya wa kwanza na kutokea wa pili, kioo kinashuka. Ukiingilia wa pili na kutokea wa kwanza, kinapanda. Anayegeuza mwelekeo huo ni swichi. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na 2000, nyaya zote mbili za mota hukaa zimeunganishwa na ethi, yaani bodi ya gari, wakati hakuna aliyegusa kitu. Ukibonyeza, swichi huutoa waya mmoja kwenye ethi na kuupeleka kwenye umeme wa betri, huku wa pili ukibaki kwenye ethi ili mzunguko ukamilike. Wasilolijua wengi ni kwamba swichi ya abiria haina ethi yake yenyewe. Nyaya zake mbili huenda hadi swichi kuu iliyoko mlango wa dereva, na ethi hupatikana huko. Abiria wa nyuma akibonyeza kitufe chake, umeme hutoka kwenye fyuzi, hupita swichi yake, huzungusha mota, kisha husafiri hadi mlango wa dereva na kupita kwenye swichi kuu kabla ya kuingia bodini. Njiani umevuka bawaba za milango miwili. Kila kiungo katika safari hiyo kinaweza kuchakaa, na mota ni kimoja tu kati ya vingi.

Sasa fikiria maisha ya gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza magari yaliyozeeka ushuru wa ziada. Hata hivyo gari likishaingia hukaa barabarani miaka mingine 10 au 15 bila mtu kushangaa. Mlango wa dereva ukifunguliwa mara 10 kwa siku, ndani ya miaka 15 utakuwa umefunguliwa zaidi ya mara 54,000, na kila mara nyaya zinazopita kwenye bawaba hukunjwa na kunyooshwa. Kioo cha dereva nacho hakipumziki: kinateremshwa kwa askari wa getini, kwa mkusanya ushuru wa maegesho, kwa trafiki, kwa mhudumu wa kituo cha mafuta, na kwa muuza karanga kwenye foleni. Kila mbonyezo hutoa cheche ndogo ndani ya swichi, na kila cheche huacha weusi kidogo kwenye bati la kugusana. Ongeza vumbi jekundu la barabara za vijijini, au hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga na Unguja, na utaona kwamba vitu vinavyokunjwa, vinavyogusana na vinavyosuguana ndivyo vya kwanza kuchoka. Mota imefungiwa ndani ya kasha lake, na ina nafasi nzuri zaidi ya kuzeeka salama.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, uliza: je, ni kioo kimoja au vyote? Vyote vinne vikizima kwa pamoja, usiwaze mota hata kidogo, kwa sababu mota nne hazifi siku moja. Tafuta kile vinachokitumia vyote kwa pamoja: fyuzi, rilei, ethi ya mlango wa dereva, au waya mkuu unaoingiza umeme kwenye swichi kuu. Kikiwa kimoja cha abiria, kijaribu kwa swichi mbili, ya mlango wake na ya dereva. Kikiitika swichi yake na kuikataa ya dereva, mashaka yaende kwenye swichi kuu. Kikiitika ya dereva na kukataa yake, swichi yake imechoka au haifikiwi na umeme. Na kama kwa swichi yake kinakwenda upande mmoja tu, huku swichi ya dereva haifanyi lolote, kwa mpangilio tuliouona mshukiwa mkuu ni mmoja wa nyaya mbili zinazounganisha swichi hizo. Huenda umekatika, na mara nyingi ni kwenye bawaba. Zingatia pia jambo hili: mota hutumia nyaya zilezile na kaboni zilezile kwa kwenda pande zote mbili. Kioo kinachoshuka kwa kasi yake ya kawaida lakini hakitikisiki kabisa ukibonyeza cha kupandisha kimeshakutolea ushahidi kwamba mota inazunguka. Kinachokosekana ni umeme wa upande wa pili, na huo unatoka kwenye swichi.

Ipo mitego ambayo si ubovu hata kidogo. Kile kitufe cha kufunga vioo kilicho kwenye swichi kuu hukata vioo vya abiria vyote, na mtoto aliyeketi mbele huweza kukibonyeza bila mtu kuona. Mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani huenda umewekewa kizuizi cha watoto, kijiti kidogo kilicho ubavuni mwa mlango kinachoonekana ukiufungua kutoka nje. Gari lililofunguliwa kwa rimoti likajifunga lenyewe baada ya kama nusu dakika halina jini. Mengi yametengenezwa yajifunge hivyo ikiwa hakuna mlango uliofunguliwa. Na betri ikichomolewa kwa matengenezo mengine, kioo kinachopanda kwa mguso mmoja huweza kuipoteza tabia hiyo mpaka kipandishwe hadi juu na swichi ishikiliwe hapo sekunde chache. Dakika 5 za kuondoa mitego hii zina faida kuliko saa nzima ya kufungua mlango.

Baada ya maswali, tumia masikio na macho. Washa taa ya ndani wakati wa jioni, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa, kisha bonyeza swichi ya kioo kinachogoma. Taa ikififia kidogo huku kioo kikibaki palepale, umeme unafika kwenye mota na mota inavuta kwa nguvu zake zote. Tatizo ni uzito, raba zilizokauka, reli iliyopinda au mota iliyokwama. Taa isipotikisika, hakuna umeme unaopita kwenye mota, na hapo njia itafutwe kwanza. Ukisikia mota ikizunguka kwa kasi huku kioo hakiendi, kamba ya chuma imekatika au meno ya mtambo wa kupandishia yameisha, na hapo mota yenyewe inapata umeme na inazunguka. Ukisikia kioo kikipanda kwa kusuasua, kikisimama nusu ya njia, kisha kikifufuka baada ya dakika kadhaa, hujakutana na muujiza. Mota nyingi zina kinga ndani yake inayokata umeme zikipata moto kupita kiasi na kuurudisha zikipoa. Mota ya namna hiyo inalalamika kwamba imebebeshwa mzigo mkubwa. Ukiweka mpya bila kuushughulikia mzigo, utakuwa umemkabidhi mgeni ugonjwa wa mwenyeji.

Hatua inayofuata ni kupima, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa na kifaa chao wenyewe. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya kumi na tano bado utaonyesha volti 12 kwenye multimita, kwa sababu multimita haivuti umeme wa maana. Mota inahitaji ampea kadhaa, na uzi mmoja hauwezi kuzipitisha. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika ni kile kinachofanywa mota ikiwa imeunganishwa na swichi imebonyezwa. Choma ncha za multimita nyuma ya soketi ya mota bila kuichomoa, mwenzako abonyeze swichi, nawe usome. Betri ikiwa na volti 12.5 na mota ikapata 11 na ushei, njia ni nzima. Mota ikipata 8 au 9, kuna kizuizi njiani, na hata mota mpya kutoka kiwandani itapanda kwa kujikokota. Kisha upime upande wa ethi peke yake: ncha moja kwenye waya wa mota unaorudisha umeme, ya pili kwenye chuma safi cha bodi, swichi ikiwa imebonyezwa. Ikionyesha zaidi ya volti 1, ethi ndiyo mgonjwa. Asiye na multimita atumie balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Balbu hiyo huvuta kama ampea 1.75, kwa hiyo ikiwaka kwa mwanga kamili mahali pa mota, njia si mbaya. Ikiwaka kwa wekundu hafifu, umepata jibu kwa gharama ya balbu moja.

Ikiwa kipimo kinaonyesha umeme unapotea njiani, anzia kwenye bawaba. Kati ya mlango na bodi kuna bomba la mpira lenye mikunjo, na ndani yake hupita nyaya zote za mlango. Fungua mlango wote, chomoa ncha ya mpira upande wa bodi, uusukume nyuma hadi nyaya zionekane. Usitegemee macho peke yake, maana shaba huweza kukatika ndani huku ganda la plastiki likiwa zima. Shika waya mmoja mmoja kwa vidole viwili na uuvute polepole: wenye shaba nzima hukataa kurefuka, uliokatika hunyooka kama mpira mahali palipokatika. Ukiupata, usiuunge papo hapo kwa kusokota na kufunga tepu, kwa sababu kiungo hicho kitakunjwa tena kesho na kukatika kabla mwaka haujaisha. Kata sehemu yote iliyochoka, weka kipande kirefu kidogo cha waya laini wenye nyuzi nyingi na unene uleule, viungo viwekwe nje ya eneo linalokunjwa, viungwe kwa risasi na kuvikwa kinga ya plastiki inayosinyaa kwa moto. Nyaya zikiwa nyingi zilizokatika, viungo vyake vipishane ili kusitokee nundu moja litakaloukwamisha mpira. Wakati mpira uko wazi, kagua zote, kwani waya mmoja ukikatika kwa uchovu, jirani zake wako njiani.

Bawaba ikiwa salama, zamu ya swichi kuu imefika, na hapa ushahidi hautoki vijiweni tu. Mwezi Oktoba 2012 Toyota iliyaita magari yake takriban milioni 7.43 duniani kote yakaguliwe swichi ya vioo ya mlango wa dereva, kwa sababu grisi haikuwa imepakwa sawasawa kiwandani na swichi ilianza kukwama. Oktoba 2015 ikayaita mengine milioni 6.5 kwa tatizo la swichi hiyohiyo, safari hii kwa hofu kwamba masalia ya msuguano yangeweza kuleta shoti na joto. Miongoni mwa magari hayo yalikuwamo Vitz na Corolla, majina ambayo hakuna asiyeyajua katika barabara zetu. Mafunzo ni mawili. Kwanza, swichi ni kiungo dhaifu hata kwa mtengenezaji mwenyewe, basi si haki kuipita na kwenda moja kwa moja kwenye mota. Pili, katika tukio la 2012 wenye magari walitahadharishwa wasipulizie mafuta ya kulainisha ya dukani ndani ya swichi, kwa kuwa yangeweza kuifanya iyeyuke na kutoa moshi. Desturi ya kuchukua kopo lolote la kupulizia na kuimiminia swichi inayokwama inaweza basi kuugeuza usumbufu kuwa moto. Swichi isafishwe kwa kuifungua: klipu zake za plastiki zibanduliwe taratibu kwa bisibisi bapa, mabati ya kugusana yafutwe kwa spiriti kali na kitambaa kisichoacha nyuzi, weusi uliogoma uondolewe kwa msasa laini sana, kisha vumbi la msasa lipulizwe lote. Bati lililochimbika au plastiki iliyoyeyuka haisafishwi. Hapo swichi ibadilishwe.

Umeme ukiwa unafika wote na kioo bado kinasuasua, uache mfumo wa umeme na uangalie msuguano. Raba ambamo kioo hupita hukauka kwa jua, zikashika vumbi, zikaanza kukibana kioo pande zote mbili. Zisafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kilichoviringwa kwenye kijiti chembamba, zikauke, kisha zipuliziwe silikoni. Mafuta ya injini na grisi ya kawaida yasikaribie raba, kwa maana huzivimbisha na kukusanya vumbi lililokuwa linakwepwa. Grisi mahali pake ni kwenye reli za chuma na meno ya mtambo, ndani ya mlango. Ukifika ndani humo, kumbuka hatari moja ambayo haina mzaha: mitambo mingi yenye mikono inayopishana kama mkasi ina springi nzito iliyokazwa. Ukiifungua mota kabla ya kuubana mtambo usitembee, springi hujifyatua na mikono huweza kukata kidole. Kioo nacho kishikiliwe juu kwa tepu ngumu au kabari. Na ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava ya mlango irudishwe ilivyokuwa. Wengi huitupa wakiona haina kazi, ilhali inazuia maji ya mvua yanayoteremka ndani ya mlango yasifike kwenye swichi na kwenye kava yenyewe. Matundu ya chini ya mlango yakiziba kwa tope, yazibuliwe kwa sababu hiyohiyo.

Loki za umeme, zile ambazo mafundi huziita sentaloki, zinafuata mantiki ileile kwa tofauti moja kubwa: umeme wake ni wa mpigo. Kisanduku cha kuongoza loki hutuma umeme kwa muda usiofika hata sekunde moja, kisha kinakata. Multimita nyingi za bei ndogo hazina kasi ya kuuonyesha mpigo huo vizuri, basi fundi husoma namba inayorukaruka na kutangaza kwamba umeme hauji. Ile balbu ndogo inafaa zaidi hapa, maana humweka waziwazi kila unapobonyeza rimoti. Maswali ni yaleyale. Milango yote ikinyamaza, anza na fyuzi, kisanduku, na nyaya za mlango wa dereva. Ikinyamaza kwa rimoti lakini ikaitika kitufe cha ndani, badili kwanza betri ya rimoti, ile sarafu ya volti 3 aina ya CR2032 au CR2016 kulingana na rimoti. Mlango mmoja ukigoma, sikiliza: ukisikia mlio hafifu na kijiti kikitikisika bila kufika mwisho, kisaidie kwa kidole wakati mwenzako anabonyeza rimoti. Kikiteleza kwa msaada huo mdogo, ama kitasa kimekauka na kinadai kulainishwa, ama mota ndogo ya loki imedhoofika. Lainisha kwanza, subiri, ujaribu tena. Mota yenyewe ikithibitika dhaifu, katika loki nyingi za Kijapani kilichomo ndani ni kimota kidogo kinachouzwa peke yake kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, na si lazima kununua kitasa kizima. Kabla ya yote hayo lakini, hakikisha fimbo inayounganisha loki na kijiti haijachomoka kwenye klipu yake ya plastiki, kwa sababu klipu hizo hukauka na kuvunjika zenyewe.

Loki inayojifunga na kujifungua papo hapo inatoa habari nyingine. Mlango wa dereva una swichi ndogo inayokiarifu kisanduku kama loki imefungwa au la. Ikichoka, kisanduku hupokea taarifa za uongo na kurudisha loki zote nyuma. Gari lisilokubali kufungwa kwa rimoti, huku taa ya ndani ikibaki inawaka, linaamini kuna mlango ulio wazi, na swichi ya mlango ndiyo ikaguliwe. Halafu kuna jambo la kwetu zaidi: magari mengi yamefungiwa alamu, kizima-injini au kifaa cha kufuatilia baada ya kufika bandarini, na nyaya za vifaa hivyo hupachikwa kwenye nyaya za loki chini ya dashibodi, mara nyingi kwa kusokota na tepu. Viungo hivyo vikaguliwe mapema kuliko kitu chochote kilichotoka kiwandani. Loki zilizofungwa hapa zina dalili yake: mota ya mlango wa dereva huwa na nyaya tano, kwa kuwa inatoa pia taarifa, na za milango mingine huwa na mbili tu. Mwenye Mercedes ya zamani aina ya W123 au W124 asitafute mota mlangoni, kwani loki zake huendeshwa kwa hewa kupitia vibomba vyembamba. Bomba moja likipasuka, milango yote huanza kuzembea. Na magari ya karibuni, hasa ya Ulaya, swichi zake hutuma ujumbe tu kwa kompyuta ya gari. Huko mashine ya kusoma makosa hutangulia bisibisi.

Kuna watakaosema kwamba fundi mzoefu hana haja ya haya yote, kwa sababu sikio lake linatosha. Sikio la fundi ni ushahidi, na sehemu kubwa ya maswali niliyoyaeleza ni sikio hilohilo lililopangwa. Lakini hakuna sikio linaloweza kutofautisha mota dhaifu inayopata volti 12 na mota nzima inayopata 8. Zote mbili hulia sawa, na zote mbili hupandisha kioo kwa kujivuta. Kipimo cha dakika mbili ndicho kinachozitenganisha. Wengine watasema kwamba spea za mtumba ni rahisi, basi badilisha tu uone. Ubadilishaji wa kubahatisha ungekuwa rahisi kama ungefanikiwa kwa mara ya kwanza. Mlango ukifunguliwa mara tatu, klipu za kava huvunjika, nailoni huchanika, na swichi uliyonunua kutoka gari la umri uleule imekwisha kubonyezwa mara nyingi kama yako. Kila jaribio lisilo na ushahidi huzaa ubovu mwingine utakaotafutwa mwakani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mota nazo hufa. Ni kweli, na makala haya hayasemi kinyume. Kaboni huisha, maji huingia, meno ya plastiki huvunjika. Tofauti ni kwamba kifo chake kinathibitika: volti 12 zimefika, ethi ni safi, kioo hakijabanwa, na mota imenyamaza, au imeunganishwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi ya ampea 20, vidole vikiwa mbali, na bado haikuzunguka. Hapo kanunue bila kusita. Wapo pia wanaoona vioo na loki ni anasa isiyostahili kuumiziwa kichwa, na kwamba kioo kikishapandishwa kwa mkono na kupigiwa kabari basi yameisha. Ila kioo ni njia ya kutokea gari likiungua au likitumbukia majini, na mlango usiofunguka kwa ndani ni hatari kwa mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Vilevile, tumia ufunguo wa chuma mlangoni walau mara moja kwa mwezi. Tundu lisiloingizwa ufunguo kwa miaka hukwama, na siku betri ikilala utabaki nje ya gari lako.

Onyo la mwisho linahusu fyuzi. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inatangaza shoti au mota iliyokwama. Kuweka kubwa zaidi, au kuziba kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, kunaihamishia hatari kwenye nyaya zilizofichwa chini ya zulia, ambazo zitaungua pasipo mtu kuona. Weka ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi, na ikikatika tena chomoa vifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji.

Asiyetaka kushika bisibisi bado anaweza kunufaika na utaratibu huu kwa kuupeleka gereji. Badala ya kusema "kioo kimekufa", mweleze fundi ni kioo kipi, kinaitika swichi ipi, kinakwenda upande gani, taa ya ndani inafifia au haififii, na tatizo lilianza baada ya nini. Kisha, kabla hujatoa fedha ya spea, mwombe akuonyeshe volti zinazofika kwenye mota swichi ikiwa imebonyezwa. Fundi mwema ataonyesha kwa furaha, maana kipimo kinamlinda yeye pia dhidi ya lawama ya kurudiwa kazi. Akikosa kifaa, ile balbu ya indiketa inatosha. Akikataa kabisa kupima na kusisitiza mota inunuliwe, chukua gari lako kwa mwingine. Hiyo mota, kama kweli imekufa, haitakuwa imefufuka kabla hujafika.